Alama ya Kupasi Ambayo Haipo

Nimeulizwa tena. Safari hii muulizaji ni baba mmoja mzaliwa wa Bukavu ambaye, baada ya misukosuko ya safari ndefu iliyompitisha Tapachula na kumfikisha Jiji la Mexico, amejaaliwa kupata kazi, chumba cha kupanga, na utulivu wa kutosha kumfikiria binti yake aliye mwaka wa mwisho wa secundaria, mtoto mwepesi wa kufahamu na mwenye shauku ya udaktari, naye, kama walivyofanya wengi kabla yake, hakuniuliza binti aingie shule gani baada ya hapo, wala ajitayarishe kwa muda gani, wala karatasi zipi zitafutwe mapema, bali aliniuliza swali moja tu, lile lile ambalo nimekwisha kulijibu kwa mdomo, kwa barua na kwa simu hata hamu ya kulijibu imeniisha: "Mwalimu, mtoto anatakiwa apate alama ngapi ili apasi kuingia UNAM?"

Jawabu ni kwamba hakuna. Sisemi kwamba alama hiyo ni siri, wala kwamba wakubwa wameificha, wala kwamba mimi siijui. Nasema haipo, haijapata kuwapo, na yeyote anayekutajia tarakimu huku akiiita alama ya kupasi, ama hajui alinenalo, ama ana kitu mkobani ambacho angependa ukinunue.

Naelewa dhana hii ilikotoka. Mtu aliyekulia katika nchi zetu, awe amefanya mtihani wa kidato cha sita Tanzania, au KCSE ya Kenya, au Exetat ya Kongo ambayo humtaka mtahiniwa afikie asilimia 50, amelelewa katika itikadi kwamba dola hutunga mtihani mmoja, huusahihisha, humpa kila mtoto fungu lake, na fungu hilo ndilo limfungulialo au limfungialo kila mlango wa mbele yake. Mexico haina mtihani wa namna hiyo. Mwanafunzi humaliza miaka 6 ya primaria, 3 ya secundaria na 3 ya bachillerato, kisha shule yake humpa cheti chenye wastani wa alama alizopewa na walimu wake mwenyewe katika mizani ya kumi, ambamo 6 ndiyo mpaka wa kufaulu somo; na baada ya hapo kila chuo kikuu kina utaratibu wake wa kupokea watu, na cheti kile humpa kijana ruhusa ya kusimama mlangoni tu, si ya kuingia.

UNAM, yaani Chuo Kikuu cha Taifa ambacho Justo Sierra alikisimamisha upya mwaka 1910 na ambacho kilipewa mamlaka ya kujiendesha mwaka 1929, humwekea mwombaji maswali 120 ya kuchagua, kila moja likiwa na majibu manne, na saa 3 za kuyamaliza. Majibu sahihi huhesabiwa, na yaliyokosewa hayapunguzi kitu. Halafu waombaji wote wa kozi moja katika kampasi moja hupangwa kwa safu, kuanzia yule aliyepatia mengi hadi yule aliyepatia machache, na nafasi zilizopo hugawiwa kutoka juu kushuka mpaka zimalizike. Idadi ya majibu sahihi ya mtu wa mwisho aliyepata kiti ndiyo ambayo watu huikimbilia na kuipachika jina la alama ya kupasi, ilhali haikuwekwa na mwalimu, wala na rekta, wala na waziri. Ni zao la mambo mawili ambayo hakuna mtahiniwa awezaye kuyajua asubuhi ya mtihani, nayo ni viti vilivyobaki na namna walivyojibu wale waliokaa kushoto na kulia kwake.

Ndiyo sababu idadi hiyo hubadilika mwaka hata mwaka, kozi hata kozi, na kampasi hata kampasi. Udaktari, kwa mfano, UNAM huufundisha mahali patatu: katika kitivo chake cha tiba kilichoko Ciudad Universitaria, na katika vitivo viwili vya pembezoni mwa jiji, Iztacala na Zaragoza. Shahada ni ya chuo kimoja, wala hakuna mgonjwa atakayemwuliza daktari alisomea upande gani wa jiji. Walakini anayeomba Ciudad Universitaria hujikuta akihitaji kupatia zaidi ya maswali 100 katika yale 120, na hata hivyo, kwa kila watu mia wanaobisha mlango ule kwa njia ya mtihani, huingia mmoja au wawili. Ziko kozi nyingine, wala si duni hata chembe, ambazo mtu wa mwisho huingia kwa makumi ya alama pungufu ya hapo. Ukichanganya kozi zote pamoja, wafanyao mtihani wa UNAM hupata nafasi karibu mmoja katika kumi.

Nikisema haya, mzazi hunitolea karatasi. Ni orodha ya alama za mwisho za mwaka uliopita, imenakiliwa kutoka katika kijitabu kilichonunuliwa kibandani karibu na kituo cha metro cha Copilco, na mtoto ameipigia mstari mwekundu chini ya kozi yake, na mbele ya mstari ameandika tarakimu anayoikusudia, akaiongeza mbili tatu za usalama. Mimi sina ugomvi na orodha hiyo, maana ni ya kweli, lakini ni historia, si ahadi. Inaeleza yaliyowapata watu wengine siku nyingine, na kijana anayesoma mpaka afikie tarakimu ile kisha akapumzika, akidhani kwamba amekwisha kufika, amejipimia kwa fimbo ambayo mwenyewe ameichora. Orodha hufaa kwa jambo moja tu, nalo ni kulinganisha kampasi na kampasi na kozi na kozi kabla ya kuchagua. Na kwa jambo hilo, aghalabu haitumiwi.

Sasa nije kwenye biashara ambayo dhana hii ndiyo rasilmali yake. Mwanzoni mwa mwaka, tangazo kubwa la UNAM linapokaribia, kuta za jiji hujaa mabango ya kozi za matayarisho, na baadhi yake, chini ya picha za vijana wenye furaha, huandika kwa herufi nene kwamba kuingia ni hakika, la sivyo fedha zitarudishwa. Kuna familia ambazo huuza friji, au kukopa kwa riba isiyosemeka, ili mtoto apate hakika hiyo. Nami nimekwisha kuketi mezani na wazazi wa aina hiyo mara nyingi mno kuweza kulizungumza jambo hili kwa upole.

Haiwezekani mtu kukuhakikishia mahali katika safu ambayo wengine wote nao wanaigombania. Kama ingalikuwako alama ya kupasi, basi mwalimu hodari angaliweza kumnyanyua kila mwanafunzi wake juu ya mstari, na hakika yake ingalikuwa na maana. Lakini maadamu viti ni idadi maalumu, kila anayenyanyuliwa humshusha mwingine, na yule anayeshushwa huenda ameketi dawati la pili katika darasa hilo hilo la kozi, naye amelipa ada ile ile. Fikiri watu waliojipanga ufukweni kutazama mashindano ya ngalawa: mmoja akisimama juu ya kikapu ataona vizuri, lakini wote wakisimama juu ya vikapu, hakuna anayeona zaidi ya alivyoona mwanzo, na aliyefaidika ni muuza vikapu. Kozi haizai kiti hata kimoja. Viti huzaliwa na bajeti, na majengo, na walimu walioajiriwa, nayo hayo hayauzwi kwenye ghorofa ya pili juu ya duka la viatu.

"Lakini fedha hurudishwa," huniambia. Hebu na tuzipige hesabu, bila ya chuki. Kati ya vijana watakaojiandikisha, wako wachache ambao wangaliingia hata kama wangalisomea chini ya taa ya barabarani; hao hulipa, huingia, na picha zao hubandikwa ukutani. Waliobaki hulipa na kukosa, na hapo ndipo mkataba unaposomwa kwa makini kwa mara ya kwanza: kurudishiwa kuna masharti, kwamba asiwe amekosa hata kipindi kimoja, kwamba awe amefanya majaribio yote, kwamba awe amefikia kiwango fulani katika jaribio la mwisho, kwamba asiwe ameomba kozi yenye ushindani mkubwa, na kwamba dai liletwe kabla ya tarehe ambayo aghalabu imekwisha kupita wakati mtoto bado analia chumbani. Hata tukimchukua mfanyabiashara mwaminifu kuliko wote, anayerudisha kila senti bila ya kuuliza, bado yeye amecheza kamari kwa fedha yako: ukishinda, anakula, ukishindwa, anakurudishia mtaji wako baada ya kuukalia miezi sita. Ukuta wa picha nao naomba uulizwe swali moja tu, nalo ni wangapi waliosoma humo mwaka ule wakakosa. Sijapata kuona picha zao.

Nisidhaniwe kuwa nasema kila kozi ni hadaa. Iko faida kwa mtoto anayeishi na watu saba katika vyumba viwili, ambaye hana meza, hana ukimya, wala hana mtu wa kumwambia kwamba saa nane imefika na kitabu kifunguliwe. Kwake yeye kozi ni meza ya kukodi na saa ya kukodi, nayo ina thamani ya meza na saa. Kinachoniudhi ni lile neno hakika, na bei inayoongezwa kwa ajili ya neno hilo.

Kutoka hapo hushuka ngazi nyingine za udanganyifu, kila moja chini ya mwenziwe. Kuna wauzao maswali yatakayotoka, ambayo wao wenyewe hawayajui. Kuna wauzao kiti chenyewe, wale ambao Mexico huitwa coyotes, nao hujidai kuwa wana jamaa ofisini, wakachukua fedha kwa mafungu na kutoa karatasi yenye nembo nzuri. UNAM na Politécnico, chuo kingine cha taifa, zote mbili hutangaza kila mara kwamba nafasi haziuzwi, na bado kila mwaka kuna mzazi anayefika dirishani na karatasi ile mkononi. Kuna pia hekima ya bure ya uani, kwamba asiyejua jibu ajaze herufi C kote kwa kuwa ndiyo itokeayo zaidi. Kwa majibu manne, atakayejaza herufi moja tangu mwanzo hadi mwisho hutarajia kupatia takriban 30 katika 120, sawasawa na atakayejaza kwa kufumba macho, na kwa 30 hakuna mlango wowote utakaosogea. La maana katika hekima hiyo ni nusu yake ya kwanza tu: usiache swali wazi, kwa kuwa kosa halikatwi.

Wako pia wanaokwenda kanisa la San Hipólito tarehe 28 ya mwezi kumwekea San Judas Tadeo nadhiri. Juu ya hao sina neno, maana mshumaa haufiki bei ya kozi, na mtakatifu yule, kwa kadiri nijuavyo, hajapata kuandika bango kwamba kuingia ni hakika.

Afadhali mtu akautazama mtihani wenyewe ulivyogawanywa, kwani mgawanyo huo umechapishwa wazi na karibu kila familia niliyokutana nayo imeupuuza. Kozi za UNAM ziko katika mafungu manne, na kila fungu lina mizani yake. Binti anayetaka udaktari yumo katika fungu la pili, la sayansi za uhai, kemia na afya. Wazazi wake, kwa mapenzi yao, humnunulia vitabu vya biolojia, atlasi ya mwili wa binadamu yenye rangi, na ikiwezekana stetoskopu ya kumtia moyo. Katika maswali yake 120, biolojia ina 13. Kemia ina 13. Hisabati ina 24, Kihispania 18, fizikia 12, na yaliyobaki ni historia ya dunia 10, historia ya Mexico 10, fasihi 10 na jiografia 10. Maana yake ni kwamba hisabati na Kihispania peke yake ni maswali 42, na kwamba historia zote mbili pamoja na fasihi na jiografia, masomo ambayo huyu daktari mtarajiwa ameyadharau tangu utoto kwa kuwa hayatibu mtu, yana 40, ilhali atlasi ile nzuri inagusa sehemu tu ya yale 13. Nimewaona vijana waliojua majina ya mifupa yote ya mkono wakashindwa kwa kutojua Porfirio Díaz alitawala lini, na wasichana waliokariri jedwali zima la elementi wakapoteza alama kumi kwa kutosoma aya moja ya Kihispania hadi mwisho.

Mhandisi mtarajiwa hali yake ni hiyo hiyo kwa sura nyingine: fungu lake lina hisabati 26 na fizikia 16, lakini Kihispania kina 18 kwake pia, yaani kinaishinda fizikia. Mtoto aliyezaliwa katika Kiswahili, au Kifaransa, au katika mojawapo ya lugha za asili za Mexico, akajifunza Kihispania shuleni, ahesabu kwamba somo hilo limo katika kila swali, si katika yale 18 tu, maana na hisabati nayo imeandikwa kwa lugha hiyo. Mtoto wa namna hiyo akiniuliza anunue nini, humwambia asinunue kitu; asome gazeti kwa sauti kila siku, na magazeti mengine huyapata bure.

Na sasa jambo linaloniuma kuliko yote, kwa kuwa ni dogo na lingezuilika. Nilisema kwamba 6 humfaulisha mwanafunzi katika somo. Lakini UNAM, fauka ya mtihani wake, humtaka anayeingia awe na wastani wa 7 katika bachillerato yake yote. Kijana mwenye wastani wa 6.9 amemaliza shule, amepewa cheti halali, amepigwa picha na wazazi wake akiwa amevaa joho. Huyu anaweza kufanya mtihani na kupatia kuwazidi wote, na bado kiti chake kikapotea dirishani siku ya kupeleka karatasi, kwa sababu ya ile sehemu moja ya kumi aliyoipoteza alipokuwa na miaka 16, katika somo ambalo hakulipenda, chini ya mwalimu ambaye hakumpenda, akajiambia kwamba 6 inatosha maana ni kufaulu. Hakuna kozi ya kuirudisha. Ndiyo maana anayeniuliza habari ya alama ya kupasi mtihani wa miaka mitatu ijayo, mimi humwomba anionyeshe ripoti ya muhula huu.

Yaliyobaki nitayasema upesi, kwa kuwa hayana fumbo.

Mlango mkubwa wa UNAM hauko kwenye umri wa miaka 18 bali kwenye miaka 15. Chuo hicho kina shule zake za bachillerato: Escuela Nacional Preparatoria, iliyoanzishwa na Gabino Barreda mwaka 1867, yenye shule 9, na CCH, iliyoanzishwa mwaka 1971, yenye 5. Anayemaliza humo kwa muda uliowekwa na kwa wastani usiopungua 7 huingia chuoni bila kufanya ule mtihani wa maswali 120, kwa njia iitwayo pase reglamentado, na wenye wastani mkubwa waliomaliza kwa miaka 3 hutangulizwa katika kuchagua kozi na kampasi. Sehemu kubwa ya viti vya kila mwaka hugawiwa kwa njia hiyo, ndiyo maana vinavyobakia kwa wengine ni vichache. Tangu 1996 watoto wote wa eneo la jiji waliomaliza secundaria walikuwa wakifanya mtihani mmoja wa kugombania shule za bachillerato. Utaratibu huo uliondolewa, na tangu 2025 ni wale tu wanaoomba shule za UNAM au za Politécnico wanaofanya mtihani, na wengine hupangiwa shule bila ya mtihani. Binti wa rafiki yangu wa Bukavu, basi, afanye mtihani huo, na nguvu zote za nyumba ziwekwe hapo. Tahadhari moja: shule za binafsi zinazojitangaza kuwa zimeunganishwa na UNAM, na kweli mitaala yao husimamiwa nayo, hazina pase reglamentado. Mtoto atavaa sweta lenye jina hilo miaka 3, mzazi atalipa kila mwezi, na mwishowe atapanga foleni ya mtihani pamoja na watu wote.

Aliyekwisha kupitwa na mlango huo asiombe chuo kimoja tu. Politécnico, iliyoasisiwa mwaka 1936 zama za Lázaro Cárdenas, ina mtihani wake na uhandisi usio na wa kuushinda nchini. UAM, ya tangu 1974, yenye kampasi 5, huupa mtihani asilimia 70 na wastani wa bachillerato asilimia 30, kwa hiyo humfaa aliyekuwa mwanafunzi wa kila siku kuliko hodari wa siku moja. UACM, chuo kikuu cha jiji, hupokea watu kwa kura. Tecnológico Nacional de México ina vyuo karibu kila jimbo. Vyuo vikuu vya teknolojia hutoa stashahada ya miaka 2 ambayo mtu aweza kuiendeleza mpaka uhandisi. Chuo Kikuu cha Rosario Castellanos kimepanuka. Na vyuo vya majimbo, kama vile vya Guadalajara, Puebla na Nuevo León, si vya kudharauliwa hata kidogo na anayeweza kuhama. UNAM yenyewe ina mfumo wa masomo huria na ya mbali, shahada yake ikiwa ile ile, ambao wakazi wa jiji huusahau. Aliyekosa mwaka wa kwanza ana ruhusa ya kurudi, na wengi huingia mara ya pili. Ila mwaka ule asiutumie kulala, wala kozi ile ile ya matayarisho asiilipie tena.

Vyuo vya binafsi viko vizuri na viko vya ovyo, na hivi vya pili Wameksiko huviita vya bata. Kabla ya kulipa peso moja, uliza RVOE, yaani idhini rasmi ya kuitambua kozi, ya kozi hiyo hiyo, si ya chuo kwa jumla, uitafute katika daftari la wizara ya elimu. Isipoonekana, ondoka, kwa kuwa bila hiyo hakuna cédula profesional, yaani leseni ya taaluma, na bila ya cédula daktari si daktari wala wakili si wakili.

Juu ya fedha, ada ya mwaka ya UNAM kwa Mmeksiko ni senti 20 za peso, tarakimu iliyobakia ilipo tangu miaka ya 1940, na rekta aliyejaribu kuibadilisha mwaka 1999 alizua mgomo uliofunga chuo tangu Aprili hadi Februari ya mwaka uliofuata. Asiye raia aulizie mapema atatozwa kiasi gani. Gharama ya kweli ni nauli, chakula, vitabu, na mshahara ambao kijana haupati kwa kuwa yuko darasani. Ruzuku za serikali ziitwazo Benito Juárez zipo kwa bachillerato na kwa baadhi ya vyuo vikuu, nazo huombwa kwa tarehe maalumu. Mzazi aziandike ukutani.

Mintarafu ya wageni: anayemaliza secundaria Mexico ana cheti cha Mexico, wala hahitaji kitu kingine cha masomo, aliyesoma bachillerato nje atahitaji revalidación ya wizara, yaani kutambuliwa rasmi kwa masomo yake, na hiyo ianzwe mwaka mzima kabla. Kila mtoto awe na CURP, yaani namba yake ya utambulisho. Jina lililomo humo lifanane herufi kwa herufi na lililoko kwenye cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule, maana Wameksiko hubeba majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na karani aliyeona nafasi tupu kwenye fomu ya mtoto wa Kikongo mara nyingi amelihamisha jina lake la katikati akalifanya la ukoo, katika karatasi moja tu kati ya tatu. Yakaguliwe leo, na yenye kasoro yarekebishwe katika ofisi ileile iliyoyaandika, kabla ya tangazo kutoka.